Chuma cha Doria

Mama Pasi alifumbua macho gizani na papo hapo akajua kwamba usingizi umeshamtoroka. Hakutikisika. Alibaki amelala ubavu, uso kaelekeza ukutani, akivuta zile pumzi ndefu za mtu anayetaka aonekane amelala. Alikuwa fundi wa pumzi hizo siku hizi. Ndani polepole, nje polepole, na mara mojamoja mkoromo mdogo wa kutia chumvi.

Nyuma yake, kwenye godoro hilo hilo, mumewe naye alikuwa macho. Hilo alilijua bila kugeuka, maana mtu aliyelala hamezi mate kwa tahadhari namna ile. Haukupita muda kitanda kikalia, miguu ikashuka sakafuni, mkono ukapapasa ukuta. Doria alikuwa anaanza mzunguko wake. Alikwenda kutikisa kitasa cha mlango wa mbele, akatikisa cha mlango wa nyuma, akachungulia dirisha la jikoni na kukohoa kikohozi cha kumwonya mwizi ambaye hakuwepo. Kisha akarudi kwa kunyata na kujilaza ukingoni kabisa mwa kitanda, asije akamwamsha mke wake.

"Masikini, ananionea huruma," Mama Pasi aliwaza, na hasira zikampanda, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mume huyo alimtaka mwenyewe. Kwa miaka chungu nzima alikuwa ameutangazia mtaa kwamba amechoka kulala kama mjane ilhali ana mume mzima, mwenye meno yote. Kila aliyemletea nguo za kupiga pasi aliondoka na nguo zake zimenyooka na wimbo huo masikioni. Doria alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha magodoro kilichokuwa nyuma tu ya nyumba zao. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na tochi, na kila saa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa getini, mara tatu, ili watu wajue mlinzi yupo na yuko macho. Wafanyakazi wenzake ndio waliompa jina la Doria, na likamganda mpaka mkewe akalizoea.

Halafu kiwanda kikafunga kamera. Usiku ukaachiwa mitambo, Doria akahamishiwa getini mchana, na kipande cha reli kikatupwa nyuma ya stoo. Mama Pasi alipiga vigelegele. Alinunua shuka mpya, za maua. Majirani walimtania kwamba sasa watakuwa wanamwona jua likiwa utosini, na yeye akajibu kwamba wakimwona kabla ya hapo wajue amefukuzwa na mume.

Tangu usiku ule wa shuka za maua, alikuwa hajalala hadi asubuhi hata mara moja. Alikuwa analala vizuri mwanzoni, kisha anazinduka, anatega sikio asijue analitegea nini, na basi. Angemwambia nani? Angesimama mbele ya mtaa gani aseme kwamba mwanamume aliyemlilia miaka yote ameingia ndani, na usingizi umetoka? Aliona ni heri afe na siri yake.

*

Jioni moja Doria alirudi kutoka kazini na uso wa mtu aliyetoka kuzika. Alinawa mikono, akakaa mezani, akakitazama chakula kana kwamba kimemkosea.

"Leo mbuzi ameingia kiwandani," alisema.

Mezani walikuwa wanne. Yeye, Mama Pasi, mama mzazi wa Mama Pasi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, na binti yao aliyebaki nyumbani, mwanafunzi wa uuguzi. Huyu wote walimwita Nesi, ingawa mpaka siku hiyo alikuwa amemdunga sindano mwanasesere wa plastiki tu.

"Mbuzi wa nani, baba?" Nesi aliuliza.

"Hakujitambulisha."

"Alipitia wapi?"

"Getini."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Doria akalikoroga bakuli lake. "Nilikuwepo."

Ikabidi ayatoe yote. Mbuzi alikuwa amepita mbele ya mlinzi kwa adabu zote, akavuka uwanja, akapanda juu ya magodoro mapya yaliyokuwa yanasubiri kupakiwa, na hapo ndipo Meneja alipomkuta, amelala, anatafuna karatasi ya udhamini wa miaka kumi. Meneja, mwanamke wa maneno machache, alitembea kutoka kwa mbuzi hadi kwa mlinzi. Wote wawili walikuwa wamefumba macho.

"Akaniambia, 'Mzee, hapa tunatengeneza magodoro. Hatuyajaribu.' Madereva wa malori wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja ananiita Sampuli."

Nesi aliinamia sahani yake, mabega yakimtikisika. Mama Pasi alimpiga teke chini ya meza.

"Halafu?" aliuliza Mama Pasi.

"Halafu akasema Ijumaa anakuja mwenye kiwanda. Nikikutwa nasinzia tena, nikabidhi sare."

Hakuna aliyecheka tena. Sare ile ndiyo iliyolipia nyumba na karo ya Nesi. Vijisenti vya pasi vilitosha chumvi na kuni, na mara nyingine chumvi peke yake.

"Usiku hupati usingizi, baba?" Nesi aliuliza kwa sauti mpya, ya wodini.

"Napata. Halafu unakatika, haurudi."

"Basi nisikilize, tumefundishwa. Ukizinduka usiangalie saa. Usishike simu. Usijilazimishe, maana ukiugombeza usingizi ndio unakimbia zaidi. Ukiona umegaagaa na haurudi, toka kitandani, kaa sehemu nyingine yenye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha akili. Macho yakiwa mazito ndipo urudi."

"Jambo gani la kuchosha akili?"

"Nitakupa kitabu changu."

Bibi naye hakukubali kupitwa na mwanafunzi. "Maji ya moto," alisema. "Mtu aloweke miguu, damu ishuke chini, kichwa kipumzike. Marehemu mume wangu alikuwa akilowekwa miguu hata hamalizi kusema asante."

Wote wakamgeukia Mama Pasi wasikie yeye anashauri nini. "Mimi sijui mambo hayo," alisema akikusanya vyombo. "Mimi nikiweka kichwa kwenye mto, ndio basi."

Doria alimtazama kwa wivu na mapenzi. Mama Pasi aliona, na alitamani sinki limmeze.

*

Kitabu cha Nesi hakikusaidia. Kilikuwa kinene na chenye picha za rangi, na Doria, ambaye hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko tangazo la zamu, alikikuta kitamu. Kufikia alfajiri alikuwa ana ugonjwa wa moyo, wa ini na wa figo zote mbili, na Mama Pasi alimsikia sebuleni akijipapasa shingoni kutafuta tezi. Aliporudi kitandani alimshika mkewe bega kidogo tu, kama anayemuaga. Mama Pasi akamkoromea.

Usiku uliofuata ilikuwa zamu ya maji ya moto. Doria alibeba beseni gizani akiwa na taulo kiunoni na hana kingine, na kwenye ujia mwembamba kati ya vyumba akagongana uso kwa uso na Bibi. Mtu na mama mkwe wake, usiku wa manane, taulo. Ulimi wa Doria ukashika kitu cha kwanza ulichokiona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akajibu, ameshageukia ukuta. "Mimi hapa sijaona kitu."

"Nilikuwa napeleka maji."

"Peleka, baba, peleka. Yasipoe."

Chumbani, Mama Pasi alikuwa ameuma mto kwa meno yote. Machozi ya kicheko yalimtiririka mpaka sikioni. Alitamani kumwita, amwambie njoo hapa tucheke wote, lakini angewezaje kucheka kitu alichokisikia usingizini? Akameza kicheko chake kizima kizima, kikamkaa kifuani mpaka majogoo. Hakuna aliyejiuliza Bibi naye alikuwa anafuata nini ujiani saa zile.

*

Alhamisi mchana Mama Pasi alikuwa kibarazani, ametandika shati la sare kwenye meza. Doria alikuwa na mashati mawili. Moja alikuwa amelivaa na kola yake ilishachanika. Hili la pili ndilo lililokuwa zuri, na ndilo litakalomwona mwenye kiwanda kesho. Alilianza kwa heshima: kola, mabega, mikono. Aliligeuza mgongo.

Kwenye ua wa pili, fundi wa kuchomelea mageti alikuwa ameletewa geti lililogongwa na gari. Alilitazama, akatema mate, akainua nyundo.

Ngo! Ngo! Ngo!

Mama Pasi alihisi kitu kitamu kikimpanda kutoka nyayoni. Magoti yakalegea, kidevu kikashuka, na mkono wake ukapumzika juu ya pasi bila wasiwasi wowote duniani. Ulikuwa usingizi kamili, usingizi wa pono, wa zile enzi za kulala kama mjane.

"Mama Pasi! Nguo inaungua!"

Alishtuka. Mbele yake alikuwa amesimama mwalimu wa shule ya jirani, mteja wake wa tangu zamani, na kati yao moshi. Aliinua pasi. Mgongoni mwa shati palikuwa na pasi nyingine, ya rangi ya kahawia, yenye pua yake na matako yake, imekaa sawasawa katikati ya mabega.

"Pole sana," alisema mwalimu. Macho yake yalikwenda kwenye furushi lake mwenyewe lililokuwa linasubiri. "Nilikuwa nimekuja kuuliza za kwangu. Lakini, unajua, hazina haraka. Au nizichukue tu hivyo hivyo. Mikunjo siku hizi si mibaya."

"Zichukue, mwalimu," Mama Pasi alisema, na uso ukamwaka kuliko pasi. Tangu aanze kazi hiyo, hakuna aliyewahi kuondoka kibarazani pake na nguo zenye mikunjo.

Mwalimu alipoondoka, Mama Pasi alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, shati mapajani, akalia kidogo. Hakulia sana, kwa sababu fundi alipiga tena, ngo, ngo, ngo, na kope zikaanza kushuka huku machozi bado yanatoka. Akayafumbua macho kwa nguvu. Akasimama, akaenda hadi kwenye uzio.

"Fundi! Hebu gonga tena."

"Nigonge nini?"

"Hicho hicho. Mara tatu, halafu unyamaze."

Fundi alimwangalia, akaangalia nyundo, akagonga. Mama Pasi akapiga mwayo ambao ulianzia kisigino.

"Mama, unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa," alisema Mama Pasi. "Sasa nimejua ugonjwa."

Miaka yote ile alikuwa anazinduka. Hakuwahi kulihesabu kama tatizo, kwa sababu lilidumu kitambo kidogo tu: anafumbua macho, anatega sikio, na upepo unamletea mlio wa chuma kutoka getini. Ngo, ngo, ngo. Maana yake Doria hajavamiwa, hajachomwa kisu, yupo kwa miguu yake. Basi anageuka upande wa pili na kulala. Sasa mume yupo kitandani na chuma hakilii, na sikio, ambalo halikuambiwa habari za uhamisho, linasubiri mpaka asubuhi.

*

Jioni Doria alilishika shati kwenye mwanga wa taa kwa muda mrefu.

"Mama Nesi. Hii ni nini?"

"Ni pasi."

"Naona ni pasi. Nauliza imefikaje mgongoni mwangu."

"Nilisinzia."

"Unasinziaje mchana, na usiku kucha unakoroma?"

Mama Pasi alifunga mlango wa chumba. "Nilikuwa nakoroma kwa makusudi," alisema.

Doria akakaa kitandani. Mkewe akamwaga yote: pumzi za uongo, mto alioung'ata usiku wa taulo, aibu ya kumlilia mtu miaka mingi kisha kushindwa kulala naye, fundi na nyundo yake. Alipofika kwenye chuma, alikaa kando ya mumewe. "Akili yangu inajua upo hapa," alisema. "Lakini nikiamka, nakusikiliza kule."

Doria alikunja na kukunjua mkono wa shati.

"Mimi nilidhani nakubana," alisema hatimaye. "Nilisema mwanamke wa watu amezoea kitanda chake, nimemwingilia. Ndio maana nalala ukingoni."

"Utaanguka siku moja."

"Nimeshaanguka mara mbili. Ulikuwa unakoroma."

Walitazamana, na kile kicheko cha usiku wa taulo, ambacho Mama Pasi alikuwa amekihifadhi kifuani, kikatoka chote. Doria naye akacheka, kisha akaacha, akajikuna shingo.

"Na mimi nina langu. Usikasirike. Kule kazini nilikuwa nagonga chuma, halafu nalala."

"Unalala?"

"Kidogo tu, kwenye kiti. Muda ukikaribia naamka mwenyewe, nagonga, nalala. Miaka yote nimelala vipande vipande, lakini nililala. Nikishagonga, roho inatulia. Sasa naamka, mkono unatafuta nyundo, haipo. Nikizungukia milango haitoshi."

Mama Pasi aliweka mikono kiunoni. "Yaani mimi huku namwomba Mungu akulinde na majambazi, kumbe baba umejilalia?"

"Si alikuwa ananilinda?"

Mkewe akasonya. "Hicho chuma kiko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya stoo. Kimetupwa."

"Si ukichukue."

"Ukikutwa unatoka na kitu cha kiwanda, mlinzi anakukamata."

"Mlinzi si wewe?"

Doria alifikiri. "Mpaka kesho," alisema, na chumba kikapoa.

Mama Pasi aliinama, akaingiza mkono uvunguni, akavuta pasi yake kuukuu ya mkaa, ile aliyoanzia kazi kabla umeme haujafika, nzito kama dhambi. Akaitoa majivu yaliyogandia. Wakaifunga kamba mpini, wakaining'iniza kwenye nondo za dirisha, na Doria akaenda jikoni kutafuta mchi wa chuma wa kutwangia viungo.

Usiku, kama kawaida, walizinduka.

"Umelala?" Doria alinong'ona.

"Nimelala. Gonga."

Ngo. Ngo. Ngo. Ilikuwa sauti yenye mafua kidogo, lakini ilikuwa yenyewe. Ikatoka dirishani, ikazunguka ua, ikafa. Mama Pasi alihisi shingo yake ikilegea. Ndipo upande wa pili wa ukuta wakasikia kitanda cha Bibi kikilia na Bibi mwenyewe akishusha pumzi ndefu.

"Asante, mkwe wangu," alisema gizani. "Bila chuma chako, usiku nilikuwa nadhani umekufa wananificha."

Hawakuwahi kumjibu. Walikuwa wamelala.

*

Walilala mpaka jua likaingia kwenye shuka za maua. Doria alitoka mbio akivaa kiatu kimoja na kukibeba kingine, na kitu cha mwisho ambacho Mama Pasi alikiona kilikuwa alama ya pasi ikikata kona. Hapo ndipo alipokumbuka. Amechelewa, ameungua mgongoni, na mwenye kiwanda anakuja.

Siku hiyo hakupiga nguo pasi hata moja. Kila honi ya lori aliihesabu kuwa ndiyo. Bibi alimletea chai, ikapoa. Nesi aliporudi kutoka chuoni alikaa karibu na mama yake, na Mama Pasi alijua mtoto anawaza karo.

Jioni Doria akatokea mwisho wa uchochoro. Alikuwa na fulana ya ndani tu, na mfuko wa plastiki mkononi.

Hakuwa na sare. Mama Pasi alishika meza.

"Umekabidhi," Mama Pasi alimwambia mumewe alipofika.

"Nimekabidhi," alisema Doria. Alikaa kwenye ndoo, akavua viatu kimoja kimoja. "Mwenye kiwanda ameshuka kwenye gari, mimi nimesimama wima, macho kama ya samaki. Akauliza, 'Ndiye huyu wa mbuzi?' Meneja akasema ndiye. Akanizunguka. Akafika mgongoni, akasimama. 'Na hii?' Nikasema, mke wangu alisinzia, bosi. Akauliza mke wangu hapati usingizi? Nikasema alikuwa hapati, jana amepata, na mimi nimepata, na mama mkwe amepata. Mzee wa watu akaangua kicheko. Meneja hakucheka. Jioni akaniita: 'Kabidhi sare.'"

"Si umesema mzee amecheka!" Nesi alilia.

"Nikaivua palepale. Nimefika kwenye vifungo vya mwisho, machozi haya hapa. Akasema, 'Nenda stoo ukachukue nyingine. Mlinzi wangu hatasimama getini na tangazo la pasi.'" Akautumbua mfuko. Ndani mlikuwa na shati jipya, gumu, lenye mikunjo ya kiwandani. "Litapigwa?"

Mama Pasi alimpiga nalo kwanza, kichwani, mara mbili, huku analia na kucheka. Kisha akaenda uzioni kumuuliza fundi kama ameshamaliza kugonga kwa siku hiyo, akarudi, akachomeka pasi.

Usiku ule alizinduka kama kawaida yake. Alitega sikio. Hakukuwa na kitu. Alisubiri, bado kimya. Aligeuka: Doria, aliyeshinda kutwa kwa miguu miwili bila kuegemea popote, alikuwa amelala katikati ya kitanda, mdomo wazi, hana habari na zamu yake wala ya mtu mwingine.

Mama Pasi alinyoosha mkono amtikise, akaurudisha. Akashuka kwa kunyata, akauchukua mchi dirishani, akagonga mwenyewe. Ngo. Ngo. Ngo.

"Kwema," Doria alijibu kutoka usingizini, na akaendelea kulala.

"Asante, mkwe," Bibi alisema nyuma ya ukuta.

Mama Pasi hakumsahihisha. Alirudi kitandani, akamsukuma mlinzi wake kidogo apate nafasi, na safari hii hakugeukia ukuta.